Vitundu Vitatu vya Kabibi

Kabibi alipasuliwa tumbo, lakini kilichomliza njia nzima kutoka Malindi hadi Dabaso ni bega. Bega la kulia, pale juu penye kukaa mkanda wa sidiria. Kila tuktuk ilipoingia shimoni lilimchoma mpaka shingoni, na mumewe Mangi, maskini ya Mungu, alikuwa amemwekea kiganja tumboni muda wote, akidhani ndiko anakomsaidia.

"Taratibu, ndugu yangu," Mangi akamwambia dereva. "Nina mgonjwa wa tumbo huku."

"Ni bega," Kabibi akasema.

Mangi akamgeukia. "Bega? Bega walilifanya nini tena?"

"Hawakulifanya kitu. Linauma tu."

Mangi akakirudisha kiganja tumboni. Yeye ni mtu wa mashamba ya chumvi, kule kupita Gongoni, kazi yake kukwangua chumvi juani tangu Jumatatu hadi Jumamosi, na mambo ya matumbo ya wanawake alikuwa amezoea kumwachia mama yake.

Na huyo mama yake, Nyevu, ndiye aliyekuwa akiwangoja nyumbani na sufuria kubwa jikoni.

Hakuna mwanamke aliyezaa Dabaso miaka hii ya karibuni asiyeijua mikono ya Nyevu. Mwanamke akijifungua tu, Nyevu huitwa. Huchemsha maji, akachovya kitambaa, akamkanda mzazi tumbo mpaka apige kelele, kisha akamfunga leso kiunoni, mizunguko mitatu, imkaze, tumbo lirudi mahali pake. Siku arobaini mfululizo. Wanawake humtukana anapowakanda na kumbusu mikono akishamaliza.

Sasa mwanamke huyu aliyekanda matumbo ya watu wote alikuwa na mwana mmoja tu, Mangi wa Kambi. Kwa Wagiriama jina huzunguka: Kambi humzaa Mangi, Mangi naye akamzaa Kambi, babu akarudi kwa mjukuu. Mzee Kambi, mumewe, alikuwa amekwisha kuzikwa, na Nyevu alikuwa akimngoja arudi. Juma lile Mangi alipomwoa Kabibi, mama mtu alikwenda Malindi akanunua jozi ya leso mpya, nyekundu na nyeupe. Hajui kusoma, lakini alimwambia mwenye duka ampe leso ya mzazi. Akazifungia kwenye sanduku la bati. Miaka sita zikalala humo, na kila mwaka, mvua za masika zikiisha, alizitoa akazianika juani zisivunde, akazikunja tena, akafunga. Hakusema neno. Kabibi alikuwa akimwona tu.

Kabibi alikuwa mshonaji wa makuti. Mapaa ya hoteli nyingi kule Watamu yamepita mikononi mwake, ingawa wageni wanaolala chini yake hawamjui. Hukaa uani amenyoosha miguu, jani la mnazi juu ya ufito, anakunja, anapiga kamba, anakunja, anapiga kamba. Watu husema kuti la Kabibi halivuji. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mwembamba, mpole wa maneno, na mwaka huu, baada ya kungoja kote huko, damu yake ya mwezi ikakosekana mara moja, ikakosekana mara ya pili. Hakumwambia mtu ila Mangi. Lakini Nyevu alimtazama siku moja anavyolisogeza pembeni bakuli la dagaa, akaenda kimya kimya, akalifungua sanduku. Na mwaka huo alikuwa amekwisha kuzianika mara moja.

Ikaja Jumanne. Kabibi yuko uani anashona, akahisi kama kisu kimempitia ubavuni chini. Jasho likamtoka, macho yakaingia giza. Easter, jirani yake, ambaye mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi minane na nusu, ndiye aliyepiga ukemi. Malindi hospitalini wakasema mimba haikukaa kwenye mji wa uzazi, ilikaa njiani, kwenye mrija, na mrija umepasuka. Wakamlaza, wakamtoboa vitundu vitatu tumboni, wakaingiza kamera na vyuma vyembamba, wakafanya kazi yao.

Asubuhi yake daktari alikuja, kijana mmoja mwenye sauti ya chini. Nyevu, aliyekuwa amelala kwenye benchi la nje, alikuwa ametoka kutafuta chai. Kwa hiyo Kabibi aliyasikia peke yake.

"Mrija wa kushoto tumeutoa, mama. Wa kulia tuliutazama kwa kamera. Umeziba wote, umegandamana. Ni ugonjwa wa zamani, pengine hata hukujua kama uliugua."

"Unazibuka?"

"Huu hauzibuki."

"Hata kwa dawa?"

"Hata kwa dawa. Iko njia ya kutungishia mimba nje, huko kwenye maabara za miji mikubwa, lakini..." Akaziona ndara za Kabibi chini ya kitanda, zile zilizofungwa kwa kamba ya makuti, na hakumaliza. "Pole sana, mama."

Nyevu aliporudi na chai, Kabibi alikuwa amegeukia ukutani. "Kunywa, mwanangu," Nyevu akamwambia. "Mungu hakunyimi, amekuahirishia tu. Ukitoka hapa nitakukanda mimi mwenyewe. Mwakani saa kama hizi utaniambia."

Hapo Kabibi angesema. Mdomo ulikuwa wazi. Lakini chai ilikuwa moto na mama mkwe alikuwa amelalia benchi kwa ajili yake, neno likarudi ndani, likakaa.

Siku ya kutoka, sista Mumbua, muuguzi wa wodi ile, alimketisha akamweleza. Ni mama wa Kikamba, mnene, msemaji, na anapoeleza hukushika goti.

"Hilo bega lisikutishe. Tulikujaza hewa tumboni ndipo tuone ndani. Nyingi tumeitoa, kidogo imebaki. Inapanda, inachokoza huko chini ya mbavu, na bega ndilo linalolia. Itakwisha yenyewe, siku tatu nne, pengine juma. Umenisikia? Sasa dawa. Usingoje maumivu yaje ndipo umeze. Meza kwa saa. Hiki cheupe kila baada ya saa sita. Hiki cha waridi asubuhi, mchana na jioni, ukishakula, si kwa tumbo tupu. Tembea, hata hatua kumi. Chai ya tangawizi. Ukikohoa au ukicheka, kumbatia mto hapa tumboni."

"Nikicheka?" Kabibi akauliza.

"Utacheka tu, mama. Si leo." Sista akamshika goti zaidi. "Na tumbo lisibanwe, lisikandwe. Vidonda visipigwe na maji mpaka uje tuvitazame."

Akamwandikia namba ya simu nyuma ya karatasi ya dawa. Mangi alikuwa nje anatafuta tuktuk, hakusikia chochote kati ya hayo.

Basi walipofika Dabaso, Nyevu alimpokea mlangoni kama anavyopokea wazazi, akamlaza kwenye kitanda chake yeye Nyevu, akamfunua tumbo atazame. Easter alikuwa amefuata nyuma, mkono kiunoni, tumbo limemtangulia.

"Shikamoo, mama Mangi. Tumekuja kumtazama mgonjwa."

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo uone." Nyevu alikuwa ameinama na kukunja uso. "Ndivyo hivi tu? Vitundu vitatu? Na hiki kimoja kiko kitovuni hata hakionekani."

"Lo!" Easter akasema. "Mimi upele wa joto tu umenizidi. Kabibi, wewe ulikwenda hospitali au ulikwenda kutogwa masikio?"

Easter hakuwa na ubaya. Ni mtu wa mzaha siku zote, na Kabibi mwenyewe alicheka. Alicheka kidogo tu, na hapohapo tumbo likamkata na bega likamchoma kwa pamoja, akajikunja kama jani linalopita motoni, na mto ulikuwa mbali. Easter akashtuka, machozi yakamtoka. "Nisamehe, dada. Nisamehe."

Baadaye, walipobaki wawili, Nyevu alileta sufuria. Na juu ya bega lake alikuwa amezitupia zile leso mbili, nyekundu na nyeupe, bado zina mikunjo ya miaka sita.

"Mimba ni mimba," akasema. "Iwe imefika, iwe haikufika, mwili wa mwanamke uliofunguka lazima ufungwe. Wale wa hospitali wamekutoboa wakakuacha wazi. Inuka kidogo."

Kabibi alimsikia sista Mumbua kichwani, waziwazi. Lisibanwe. Lisikandwe. Alikuwa na sauti ya kusema, na Nyevu si mama mkwe wa kuogopwa. Lakini alizitazama leso. Pembeni, penye maandishi, akasoma polepole kama alivyofundishwa shuleni: Hongera mzazi, Mungu akukuzie.

"Imeandikwaje?" Nyevu akauliza. "Sikupata mtu wa kunisomea."

"Imeandikwa pole," Kabibi akasema.

"Ahaa. Basi imefaa."

Na Kabibi akainuka kidogo, akajiacha akandwe.

Maji ya moto yalipogusa kitovu aliuma kona ya shuka. Nyevu alikanda kwa viganja, kutoka ubavuni kuja katikati, na kila alipokanda alizungumza. Huzungumza na mtoto atakayekuja; ni desturi yake kwa kila mzazi. "Kambi, babangu, hii njia naisafisha. Ulipotea tu, baba. Hapa ndipo mlangoni. Mwakani usipite kule tena." Akamfunga leso mizunguko mitatu, akavuta, akapiga fundo.

Vidonge alivichukua akaviweka kwenye mkebe wa majani ya chai, juu ya kabati. "Dawa ya hospitali na maji ya moto havikai pamoja. Vitakupooza damu. Tutaviweka, maumivu yakizidi sana ndipo tukupe kimoja."

Ijumaa Mangi alirudi kwenye chumvi. Kabibi akabaki amefungwa. Yalikuwa maumivu ya namna mbili yasiyofanana. Yale ya tumbo yalikuwa na mahali pake, angeweza kuyaonyesha kwa kidole. Yale ya bega yalikuwa yanazunguka, akilala chali yako juu, akigeuka yamehamia chini ya ubavu, akivuta pumzi kwa nguvu yanamkatiza katikati, na ile leso iliyokazwa haikuiachia hewa pa kukaa wala yeye pa kuvutia pumzi. Alijifunza kupumua kwa juu juu, kama mbwa. Kwenda chooni kulikuwa safari. Kukaa chini kulikuwa kazi, na kuinuka ilibidi Nyevu amshike kwapani.

"Bega, bega," Nyevu alisema akimsugua mafuta ya nazi. "Hili bega ndilo silielewi. Mimi tumbo nalijua, kiuno nakijua, maziwa yakivimba nayajua. Bega? Mwanangu, au ni mtu amekutazama vibaya?"

"Ni hewa, mama. Walinijaza hewa."

"Wewe ni baiskeli?"

Na Kabibi akakaza midomo asicheke.

Jumamosi hiyo Mangi hakuja, walikuwa wanapakia malori. Jumapili wakakanda tena asubuhi. Kufikia Jumatatu kitovu kilikuwa kinatoa majimaji, na leso ilikuwa imegandia hapo. Kabibi alijua, na alijifunika shuka asionwe. Homa ikaanza kumpanda. Lakini saa kumi jioni sufuria ikaja tena, na Nyevu akakaa pale pale ukingoni mwa kitanda, akatumbukiza kitambaa, akaanza na maneno yake kabla hata hajafungua fundo.

"Kambi wa Mangi. Bibi yako yuko hapa. Njia yako ni nyeupe sasa, njoo tu..."

"Mama."

"Tulia, mwanangu, bado sijakugusa."

"Mama, usimwite."

Nyevu akasimamisha mkono. Maji yakawa yanadondoka kutoka kwenye kitambaa, tone, tone, kwenye sakafu.

"Usimwite, haji," Kabibi akasema. "Mrija mmoja wameutoa. Na wa pili umekufa. Daktari aliniambia asubuhi ile ulipokwenda kununua chai. Hakuna njia, mama. Hakuna ya kusafisha."

Nje kuku wa Easter walikuwa wanachakura. Nyevu alikirudisha kitambaa ndani ya sufuria kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu. Hakulia. Akaanza kuifungua leso, mzunguko wa kwanza, wa pili, na alipofika wa tatu ikakataa kutoka, imegandia. Akainama, akaona kitovu kilivyovimba kikawa chekundu, na usaha.

"Haki ya Mungu," akasema kwa sauti ndogo. "Hiki nimekifanya mimi."

"Si wewe."

"Ni mikono hii. Walikuambia usikandwe?"

"Waliniambia."

"Waliniambia, anasema! Na ulinyamaza? Siku nne nakukanda kidonda na wewe umenyamaza? Mbona hukunizuia, Kabibi?"

Kabibi alilia sasa, na kulia kwenyewe kulimuuma, bega na tumbo, akawa anameza vipande vya kilio. "Nilitaka na mimi nifungwe," akasema. "Umewafunga wote. Nilitaka mara moja tu na mimi nifungwe."

Hapo ndipo Nyevu alipovunjika. Alikiweka kichwa chake juu ya magoti ya Kabibi, mama mzima mwenye mvi, akalia bila sauti, mgongo ukipanda na kushuka, na mkwewe akamwekea mkono kichwani kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Halafu, kama kawaida yake, akainuka akaanza kazi. Akamwaga maji yote uani. Akaenda kabatini, akateremsha ule mkebe. Akampa simu Kabibi ampigie yule sista. Mumbua aliwagombeza wote wawili mpaka sauti ikasikika chumba kizima. "Nyinyi mnataka kuniua mimi! Usaha na homa, si jambo la kungoja kesho. Nendeni zahanati iliyo karibu sasa hivi wamsafishe, wamwanzishie dawa. Huyo mama mwambie ana mikono mizuri, lakini aiweke begani." Wakaenda. Kidonda kikasafishwa, akapewa dawa ya siku saba, akarudishwa nyumbani.

Tangu Jumanne mambo yakabadilika. Nyevu hana saa, hivyo alifuata adhana ya msikiti wa jirani na taarifa za redio: adhana, kidonge cheupe, taarifa, chakula na kidonge cha waridi. Alichemsha tangawizi mpaka nyumba nzima ikanuka. Begani akaweka kitambaa cha uvuguvugu, akasugua taratibu, asishuke chini ya mfupa wa shingo. Asubuhi na jioni akamtembeza uani, hatua kumi, ishirini, mpaka kwenye lundo la makuti na kurudi, mmoja amemshika mwingine kiwiko. Kabibi akagundua jambo: maumivu yakimezewa dawa kabla hayajaamka, hukaa kama mnyama aliyefungwa. Yapo, unayasikia, lakini unaweza kula.

Ile leso nyekundu na nyeupe Nyevu aliifua, akaikunja mraba, akaikunja tena, ikawa nene kama mto mdogo. "Hii ukumbatie ukikohoa," akasema. Kisha, bila kumtazama: "Haikuandikwa pole, siyo? Nilimwuliza dada aliyekusafisha kule zahanati."

"Haikuandikwa pole."

"Basi." Akaichukua ile ya pili ya jozi, akairudisha kwenye sanduku, akafunga. "Mangi nitamwambia mimi. Ni mwanangu."

"Hapana, mama. Nitamwambia mwenyewe."

Nyevu alitaka kubisha, akaacha.

Alhamisi Easter akajifungua, mtoto wa kike, na kabla jua halijapanda mtu alikuwa mlangoni kumwita Nyevu. Nyevu akasimama katikati ya chumba na sufuria mkononi, hajui aende au akae.

"Nenda, mama," Kabibi akasema. "Anakungoja."

Alipokwisha kwenda, Kabibi alijivuta, akaikumbatia leso iliyokunjwa, akatembea mpaka kwenye ua wa makuti unaotenganisha nyumba mbili. Hatua hamsini na tatu, safari ndefu kuliko zote tangu apasuliwe. Alisimama upande huu. Aliyasikia maji, akamsikia Easter akipiga kelele: "Mama Mangi, unaniua! Mwanamke huyu hana huruma!" na wanawake wakicheka. Alingoja kuyasikia yale maneno ya Nyevu kwa mtoto atakayefuata. Hayakuja. Kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, Nyevu alikanda kimya.

Jumamosi Mangi alifika alasiri, chumvi imemkauka nyeupe kwenye vifundo vya miguu. Alimkuta mkewe ameketi kwenye kiti, si kitandani, na akafurahi. Nyevu alikuwa akifagia uani. Alipomwona mwanawe akiingia, hakumfuata ndani.

"Bega je?" Mangi akauliza. Alikuwa amelikumbuka juma zima.

Kabibi akalisogeza, juu, chini. Hakuwa hata ameona lilipoacha kuuma. "Limepoa."

"Basi umepona!"

Kabibi akaikaza ile leso tumboni kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa.

"Keti kwanza, Mangi," akasema.

Mangi akaketi. Nje, ufagio ukanyamaza.